Lord Spike Heart bila mpiga dramu: bado ni roki nzito?

Kijana_wa_Githurai
Wasee, mwisho wa mwezi Lord Spike Heart, yule mwimbaji wetu wa mayowe, ndiye anafunga usiku. Nimemfuata tangu bendi yake ya Lust of a Dying Breed: gita, besi, dramu, jasho. Ikaja bendi ya Duma, yeye na Sam Karugu, dramu zikawa za mashine. Sasa kuna albamu ya The Adept ya 2024, ya peke yake, na kelele za kompyuta zimelikalia gita kichwani. Kabla sijatoa pesa ya tiketi naomba mniambie: hii bado ni metali, au ni disko yenye mayowe?

Fimbo_na_Ngozi
Disko. Napiga dramu mwaka wa kumi na moja huu, nilijifunzia kanisani. Nimepanda matatu na dramu ndogo mapajani, makanga ananidai nauli ya kiti cha pili. Halafu mtu abonyeze kitufe, aitwe mbunifu? Mkono wa binadamu huchoka, na mdundo ukianza kuyumba pale mwishoni ndipo watu wanaingia wazimu. Mashine haina kiwiko.

Giza_Tupu
Umesikilizia kwenye simu wewe. Weka "Lionsblood" ya Duma kwenye spika kubwa. Ile kasi hakuna mkono unaoiweza, ndiyo maana inatisha. Na sauti ya hardcore, panki ile ya kasi na hasira, haijawahi kusimama mahali pamoja: D.R.I., bendi ya Marekani, walianza Houston 1982 wakiwa panki watupu, 1987 wakatoa albamu wakaiita kabisa Crossover, panki na metali chungu kimoja. Duma nao walitoa albamu yao na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala 2021, dunia nzima ikageuka.

Pwani_Nzito
2020, Agosti. Kurekodi ndiyo 2019. Sahihisha tarehe zako kwanza ndipo ufundishe watu.

Mkuu_wa_Mbeya
Samahanini wakuu, nadandia treni kwa mbele. Duma si yule mnyama mwenye mbio? Basi jina limeendana na hizo dramu.

Giza_Tupu
Hapana ndugu yangu. Ni Kikuyu, nduma. Giza.

Pwani_Nzito
Nduma ninayoijua mimi inachemshwa, inaliwa na chai asubuhi.

Mkuu_wa_Mbeya
Hayo ni magimbi.

Mama_Kelele
Pwani, heshima kidogo. Kiazi kina matamshi yake na giza lina yake, mwenye lugha hachanganyi. Wale vijana walichagua giza kwa sababu ndilo walilotaka kupiga.

Mkuu_wa_Mbeya
Dada, nimeuliza kwa adabu. Msomaji wa Kiswahili akiona DUMA anasoma duma, hilo si kosa lake. Mnaturingia kana kwamba huku kwetu hatujui gita ni nini.

Mama_Kelele
Nani amekuringia? Nimejibu wa kiazi.

Pwani_Nzito
"Wa kiazi" ndiyo mimi? Nasikiliza metali tangu kanda za kunakiliana, watu tunabadilishana mkono kwa mkono. Leo nafundishwa heshima.

Kijana_wa_Githurai
Jamani, tiketi.

Mama_Kelele
Nakujibu wewe, mdogo wangu. Nilisimama mbele wakati wa Duma. Jukwaani hakuna ngoma hata moja: kompyuta, waya, Sam na gita. Yule mwimbaji ameifumbata maikrofoni kwa viganja viwili, amekunja mgongo, mshipa wa shingo umesimama kama kamba ya kisima. Mdundo ulikuwa unanigonga mfupa wa kifua, nikawa navuta pumzi kati ya pigo na pigo. Uchovu anaoutafuta Fimbo ulikuwepo, umehamia kooni. Mashine haimsubiri, anaikimbiza kwa mapafu yake. Kwangu hiyo ni hardcore kuliko bendi nyingi zenye watu watano.

Fimbo_na_Ngozi
Koo sijaligusa. Nimesema dramu. Vijana wa kupiga tupo Nairobi hii, tunakodi vyumba kwa saa, tunafanya mazoezi na magodoro yameegemezwa ukutani majirani wasilalamike. Anafunga usiku mzima na hakuna hata mmoja wetu aliyepigiwa simu. Hapo ndipo panaponiuma.

Giza_Tupu
Kumbe ni wivu.

Fimbo_na_Ngozi
Ni kazi yangu, bana. Usiiite wivu.

Mama_Kelele
Giza, hapo umekosea. Mwombe radhi.

Mkuu_wa_Mbeya
Na mimi nani ataniomba radhi?

Fimbo_na_Ngozi
Nitakuja. Nitasimama kushoto, karibu na spika, tangu wimbo wa kwanza. Mdundo ukinifika kifuani kama anavyosema dada, nitarudi hapa niandike.