Naomba ushauri: laptopu inayogeuka tableti

Assalamu alaikum ndugu zangu. Niko Lamu, nachora ramani za nyumba za kale na nakshi za milango, kazi ya kusimama vichochoroni kutwa. Nimeonyeshwa mbili zilizotumika: Lenovo Yoga, ambayo kioo chake kinazunguka nyuzi 360, na Surface Pro 7 yenye RAM ya GB 8, inayochomoka kibodi. Nimezijaribu zote kwa kalamu. Yoga inatulia vizuri mapajani, lakini ukiishika kama tableti mkono unachoka upesi. Surface bila kibodi ni gramu 775 tu, raha kweli! Ila RAM yake imelehemiwa, haiongezeki, na fundi ninayemwamini yuko Mombasa.

Mliotumia hapa pwani, bawaba za Yoga zinastahimili hewa ya chumvi? Na GB 8 zitatosha kwa AutoCAD, ile programu ya kuchorea ramani?