Naomba ushauri: sato wanakufa kwenye vizimba alfajiri

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa zangu.

Nafuga sato kwenye vizimba vya nyavu ndani ya Ziwa Victoria, huku Igombe, Mwanza. Tuko kikundi cha watu sita, vizimba vinne, na kina cha maji hapo ni kama mita tano. Wiki mbili hizi jua ni kali, ziwa limetulia, upepo hakuna. Kila tukifika alfajiri tunakuta samaki wamekufa, na walio hai wako juu wanahema midomo wazi. Maji yamekuwa ya kijani kibichi.

Ninavyoelewa, maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, wakati samaki mwenyewe anaihitaji zaidi. Usiku mwani (vijimea vidogo vinavyoyafanya maji kuwa ya kijani) nao huivuta, ndiyo maana mambo huharibika kabla jua halijachomoza.

Tumepunguza chakula, tumeacha kulisha jioni, tumesugua nyavu zilizoziba. Vifo vimepungua kidogo tu. Inauma sana kufukia samaki wa gramu 300, tena mkopo wa kikundi bado tunaulipa.

Naomba kuuliza kwa waliopitia hili: tukivivuta vizimba hadi kwenye mita kumi na zaidi, penye mkondo, tutapata nafuu, au upepo wa Juni hadi Agosti utatuletea maji mabaya ya chini, yenye oksijeni kidogo? Na kwa wenye kipimo cha oksijeni, kikisoma miligramu ngapi kwa lita mnaamua kuvua mapema, hata kama samaki hawajafikia uzito wa soko?