Shule yetu imegawanywa mara mbili kwenye makaratasi, darasani watoto bado ni 171

Wakuu, nimejizuia wiki nzima, leo nimeshindwa. Nina binti yuko darasa la tatu kwenye shule ya msingi ya serikali hapa Dar es Salaam, huku pembezoni ambako zamani ilikuwa mikorosho na sasa ni nyumba juu ya nyumba. Shule siitaji. Walimu wake hawana kosa, na sitaki mtu ahamishwe kwa sababu yangu.

Jumatatu nilimpeleka mwenyewe, nikachungulia dirishani. Dawati la watoto watatu limekaliwa na watano. Waliokosa nafasi wako chini kwenye sakafu, wa mbele kabisa wamebanwa ukutani chini ya ubao mpaka mwalimu anaandika akiwa amesimama mguu huku na mguu huku, wao wako katikati. Nikamsalimia, nikamuuliza, "Mwalimu, samahani, hawa ni wangapi?" Akanijibu bila hata kufungua kitabu cha mahudhurio: "Mia moja sabini na mmoja, baba. Na leo wengine hawajaja."

Kiwango cha serikali yenyewe ni watoto 45 kwa darasa. Tundu moja la choo kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Viwango hivyo sikuvitunga mimi.

Jioni nikakagua daftari la hesabu. 6 × 7 = 48, na tiki nyekundu pembeni. Nikamuuliza mwanangu nani kasahihisha. "Monita, baba. Mwalimu kampa kalamu nyekundu, yeye anasahihisha safu ya dirishani." Nilikasirika, kisha nikakaa nikapiga hesabu. Madaftari 171, ukiyapa dakika moja moja tu, ni karibu saa tatu. Hilo ni somo moja. Mwalimu yule ana masomo mengine na mkondo mwingine unaoingia mchana. Mnataka afanyeje?

Sasa njooni kwenye kilichonitoa machozi ya hasira. Nilikwenda ofisi ya elimu nikiwa na daftari lile mkononi. Afisa akanisikiliza vizuri, akafungua faili, akaniambia: "Mzee, msongamano pale tulishaumaliza. Shule imegawanywa."

Ni kweli imegawanywa, tena mara mbili. Ilikuwa shule moja, ikawa mbili, sasa ni tatu. Vibao vitatu getini, mihuri mitatu, walimu wakuu watatu, kamati za shule tatu. Uwanja ni ule ule. Bomba la maji ni lile lile moja. Matundu ya choo ni yale yale 14, watoto wa shule zote tatu wanapanga foleni pamoja, na mapumziko yakiisha wapo bado kwenye foleni. Hakijaongezeka chumba hata kimoja cha darasa. Kilichobadilika ni taarifa: palipokuwa na shule moja yenye idadi ya kutisha, sasa zipo shule tatu zenye idadi inayosomeka bila mtu kushtuka. Binti yangu alilala akiwa mwanafunzi wa shule fulani, akaamka mwanafunzi wa shule nyingine, na dawati ni lile lile lenye msumari unaomchania sketi.

Na mnaoufahamu mji huu mnajua mchezo huu una umri. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, za mijini zikarudishwa 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, ikaja Tume ya Jiji. Mwaka 2000 tukapata manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye Ubungo na Kigamboni zikakatwa zikawa manispaa zao. Februari 2021 Jiji likavunjwa tena, Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Kila mgawanyo ulikuja na ofisi mpya, viti vipya, magari mapya na mabango mapya, na shule za msingi zikakabidhiwa kutoka mkono huu kwenda mkono ule kama mzigo wa stendi. Wakubwa wanajua kugawa maofisi kwa haraka sana. Darasa la watoto 171 ndilo halijapata wa kuligawa.

Msiniambie watu wameongezeka ghafla. Sensa ya 1967 mji huu ulikuwa na watu 270,000 na ushee. Ya 1978 ikakuta zaidi ya 840,000. Ya 2012 milioni 4.3, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kila sensa imetangazwa hadharani. Mtoto anayeingia darasa la kwanza mwaka huu alishazaliwa miaka sita iliyopita, kliniki ina kadi yake. Ghafla iko wapi hapo?

Marehemu baba yangu alisoma Kariakoo enzi za Mwingereza. Alikuwa akitusimulia jinsi mji ulivyokatwa vipande: Uzunguni kule Oysterbay, Uhindini katikati, Uswahilini Kariakoo na Ilala, na shule zikafuata rangi hivyo hivyo. Mwaka 1962 mfumo ule ukafutwa, shule zikawa za wote. Iliyokuwa shule ya Aga Khan ikaja kuwa Tambaza, na watoto wa Magomeni wakaingia. Mzee kila akifika hapo sauti ilikuwa inabadilika. Hakuwahi kusoma katika shule ile, lakini aliihesabu kuwa yake. Leo nikisimama kituoni asubuhi naona mabasi ya njano yakipita na watoto wa wenye uwezo, wa kwetu wako pembeni konda anawazuia mlangoni kwa sababu nauli yao ni 200. Hata ndani ya serikali kuna shule za kulipia zinazofundisha kwa Kiingereza, Olympio na Diamond mnazijua. Sizionei wivu. Nauliza tu, ule uamuzi wa 1962 ulikuwa wa nini?

Na kuna mtu ataniambia tatizo ni elimu bila malipo. Hapana, ndugu yangu. Jirani yangu ni mama muuza vitumbua, wanawe watatu wako shule kwa sababu ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ule uliofuta ada na michango. Ulipoanza kazi Januari 2016 watoto wakafurika, na ilikuwa sahihi wafurike, walikuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa michango. Tatizo ni kilichowafuata wale watoto. Ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, 4,000 zinabaki serikalini kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinafika shuleni. Gawa kwa miezi 12. Ni shilingi 500 kwa mwezi. Ni nauli ya mwanafunzi kwenda na kurudi kwa siku moja, na chenji ya mia. Tena hiyo 10,000 ni ile ile ya MMEM, mpango wa serikali wa kuendeleza elimu ya msingi ulioanza 2002, wakati dola ilikuwa haijafika shilingi elfu moja.

Ndiyo maana rimu za karatasi zinaombwa, hela ya mlinzi inaombwa, hela ya mtihani wa kila Ijumaa inaombwa, wakati Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango hadharani. Mwalimu mkuu yuko katikati: asipochangisha hana chaki, akichangisha anaitwa kujieleza.

Mwaka 2021 yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za UVIKO-19. Nilifurahi sana. Lakini 12,000 yalikwenda sekondari na 3,000 kwenye shule shikizi, zile ndogo za watoto wanaokaa mbali na shule kamili. Shule ya msingi ya mjini iliyofurika haikuwa kwenye hesabu hiyo.

Na wale wa "mpeleke private", nawaomba mkae kimya kwenye uzi huu. Nalipa kodi ya pango na bado kuna mdogo wake anayeingia awali Januari. Hata nikimtoa mmoja wangu, 170 wanabaki.

Jumamosi kuna kikao cha wazazi, shule zote tatu pamoja, maana hata pa kukutania ni uwanja mmoja. Diwani ameahidi kuja. Nitasimama na daftari lenye 6 × 7 = 48, nitamuuliza tangu shule igawanywe vimejengwa vyumba vingapi, na nitakaa chini anapomaliza kunipa namba. Sitaki maelezo ya mchakato.

Kabla ya hapo nawaomba nyie mnaosomesha watoto shule za serikali Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika, Kimara, Tandale, popote: kesho asubuhi ingieni hadi mlangoni, hesabuni. Watoto wangapi, madawati mangapi, matundu mangapi, na shule ngapi ziko ndani ya geti moja. Andikeni hapa chini bila jina la mwalimu. Nitazichapa zote, niende nazo.