Ubunifu ni wa kila mtu, au tunatiana moyo tu?

CherehaniMakoroboi: Wakuu, nashona nguo za kike hapa Makoroboi, Mwanza. Mteja akinionyesha picha kwenye simu, hata gauni la harusi la Lagos, nalikata na linamkaa. Kasheshe ni yule anayeniachia kitenge na kusema, "Dada, nishonee unavyojua wewe." Hapo nakauka. Naishia mshono ule ule, shingo ya duara, chini marinda. Binti ninayemfundisha kazi bado anakosea hata kupima kiuno, lakini mitindo mipya haimwishi. Ubunifu ni wa kila mtu kweli?

Mwl_Nyegezi: Mwanasaikolojia wa Marekani, J. P. Guilford, aliwahutubia wenzake juu ya jambo hili mwaka 1950. Alishikilia kwamba karibu kila mtu anao, tunatofautiana kiasi tu. Kuna kipimo chake maarufu: taja kazi za tofali, ukiacha kujengea. Hakitafuti jibu moja sahihi, kinataka mengi. Wewe dada umezoea jibu moja, lile la kwenye picha.

Ngosha_Kisesa: Mwalimu, tofali utalijibu umekaa. Njoo Bujora mwezi wa sita, kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanacheza wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Watazamaji wakianza kuhamia kwa wenzako, toa jipya hapo hapo! Ndiyo maana mwingine anaingia na chatu, mwingine na nungunungu. Dada hajakimbiwa bado.

CherehaniMakoroboi: Ngosha, mimi nakimbiwa kwa bei, mitindo haina kosa 😂 Mwalimu, la tofali nimemuuliza binti. Kaanza na kuzuia mlango, kaenda mpaka nikamwambia arudi kwenye pindo. Majibu mengine ya hovyo kabisa, wala hajali. Lakini yeye halipi kitu. Mimi nikiharibu kitenge cha mtu, nanunua kingine.

FundiMtumbwi_Kirumba: Hapo umepagusa. Mtumbwi wa mteja siuchezei, mbao ghali. Nikitaka kujaribu kitu nakijaribia kwenye wangu wa dagaa, ukivuja navuja nao mwenyewe. Shona kwa mabaki, uvae, ukae nayo hapo kibandani watu waone.

CherehaniMakoroboi: Mabaki ninayo kiroba kizima. Ila kwa mwili huu hayatoshi, itabidi avae binti.