Glovu ya "Cassius Clay" na bango la Kinshasa 1974: nitajuaje kama saini ni feki?

Mpira wa Ngozi (mleta uzi)
Wakuu, habari za majukumu. Kuna muuzaji wa vitu vya kale ananipa vitu viwili kwa mkupuo. Cha kwanza ni glovu nyekundu ya ndondi ya Everlast, ya mkono wa kushoto, imesainiwa "Cassius Clay" kwa maka nyeusi. Anasema ilisainiwa 1963. Cha pili ni bango la pambano la Kinshasa lenye saini mbili, ya Muhammad Ali na ya George Foreman, zote kwa maka ya bluu. Bango lina mikunjo minne. Vyote viwili vina cheti alichochapisha mwenyewe, kina muhuri wa rangi ya dhahabu. Bei yake ni kama theluthi ya ninazoziona kwenye minada ya Marekani. Kwa sasa nina picha tu, keshokutwa nitavishika kwa nusu saa. Nianze kukagua wapi?

Wino Mkavu
Mkuu, hicho cheti kirudishe kwenye bahasha yake. Karatasi iliyotolewa na anayeuza haithibitishi kitu zaidi ya kwamba ana printa.

Anza na kitu chenyewe kabla hata ya kuitazama saini. Clay alimpiga bingwa wa uzito wa juu, Sonny Liston, tarehe 25 Februari 1964, na tarehe 6 Machi akapewa jina la Muhammad Ali. Kwa hiyo glovu ya hadithi hiyo lazima iwe imetengenezwa kabla ya hapo. Geuza sehemu ya kifundo, soma lebo ya ndani na ya nje. Ukikuta bakodi, imekwisha: bidhaa ya kwanza kupitishwa kwenye mashine ya bakodi dukani ilikuwa Juni 1974. Ukikuta anwani ya tovuti, usihangaike hata kuuliza. Anwani ya Marekani yenye msimbo wa posta wa tarakimu 5 nayo inakubana, maana misimbo ile ilianza Julai 1963. Halafu angalia inavyofungwa. Glovu ya bondia wa kulipwa wa wakati ule ni ya kamba. Ukikuta mkanda wa velkro, yaani wa kunata, hiyo ni glovu ya jimu ya miaka ya baadaye sana.

Kisha kalamu. Sharpie, maka ambayo ndiyo imesaini nusu ya vitu vya michezo duniani, iliingia sokoni 1964. Mtu akikuletea saini ya 1963 akasema ni ya Sharpie, mwambie akupe hadithi nyingine.

Kona Nyekundu
Wino Mkavu, hapo kwenye glovu usimpotoshe mleta uzi. Ali aliendelea kuandika "Cassius Clay" akiwa mtu mzima, kwenye vikao vya kusaini vya kulipiwa, kwa sababu wakusanyaji walilitaka jina la zamani. Kuna glovu za kisasa, zenye bakodi na velkro, zilizosainiwa "Cassius Clay" na mkono wake halali kabisa. Lebo mpya inaua hadithi ya 1963, haiui saini.

Swali linalobaki ni mkono wa umri gani. Ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha mikono, ulitambuliwa rasmi kwake 1984, na maandishi yake yakaanza kusinyaa. Saini za miaka ya 60 zinasomeka herufi kwa herufi. Za miaka ya 70 ni pana, zina kasi, kalamu inaruka mwishoni. Kuanzia katikati ya miaka ya 80 zinabana, na za miaka ya 2000 ni ndogo, herufi za katikati zimekuwa vilima tu. Glovu mpya yenye "Cassius Clay" ndogo, iliyobana, inawezekana. Glovu mpya yenye "Cassius Clay" pana ya kijana wa miaka 21 haiwezekani, maana huo mkono ulikuwa haupo tena. Waghushi wengi huanguka hapohapo: wanaiga saini nzuri zaidi waliyoiona kwenye picha, wanaiweka juu ya kitu cha miaka mingine.

Wino Mkavu
Nakubali kuhusu vikao vya baadaye. Lakini muuzaji hajasema ilisainiwa 1995, amesema 1963. Mtu akidanganya tarehe, mimi siendelei kumtafutia utetezi.

Kona Nyekundu
Wauzaji wengi hawadanganyi, hawajui tu. Wameona jina la zamani wakadhani saini ni ya zamani.

Lenzi ya Sonara
Wakati hao wawili wanavutana, mleta uzi tafuta lenzi ya sonara ya kukuza mara 10 na tochi ndogo. Hizo nusu saa zigawe hivi: dakika 10 kwa glovu, 20 kwa bango. Bango ndilo litakalosema zaidi.

Kwenye glovu, ilaze tochi pembeni mwanga upite juu ya ngozi kwa mshazari. Ngozi ya zamani ina nyufa nyembamba. Kama ufa unaukata mstari wa wino na ndani ya ufa kuna rangi ya ngozi tupu, saini ilitangulia nyufa. Kama wino umetiririka ukajaa ndani ya ufa, nyufa zilitangulia na saini ikaja juu yake.

Kwenye bango, nenda moja kwa moja pale mkunjo unapopita kwenye saini. Karatasi ikikunjwa nyuzi zake hukatika, na hapo hunywa wino kuliko sehemu nyingine. Ukiona bluu imepanuka kama kivinyweleo kufuata mkunjo, ilisainiwa baada ya kukunjwa. Ukiona mstari umevunjika, wino umebanduka na weupe unaonekana, ilisainiwa kwanza. Peke yake haithibitishi ughushi, maana mtu anaweza kusainiwa bango alilolikunja mwenyewe. Ila linganisha na hadithi: akisema lilisainiwa Kinshasa likiwa jipya halafu likakunjwa kwa safari, mkunjo utamsuta.

Pia tazama kama saini imeundwa na vidoti vidogo vya rangi. Vidoti maana yake imechapishwa pamoja na bango, hakuna kalamu iliyogusa pale. Na miisho ya mistari: mkono wenye haraka unaacha mkia mwembamba, kalamu inaondoka ikiwa bado inatembea. Mchoraji wa saini anasimama, anaacha kidonge cha wino. Mtetemo wa ugonjwa na mtetemo wa kusitasita havifanani. Wa kusitasita huja kwenye kona na mapinda, pale anapofikiria aende wapi.

Jicho Kavu
Njia rahisi: pamba yenye spiriti. Ikitoka ni mpya, isipotoka ni ya zamani.

Lenzi ya Sonara
Tafadhali usifanye hivyo, mleta uzi. Wino wa maka za aina hiyo huyeyuka kwa spiriti ukiwa na wiki moja au miaka mingi. Hutajua chochote, na kama saini ilikuwa halali umeiharibu wewe. Na ile taa ya UV ya kukagulia noti haitakufaa sana hapa. Inasaidia kwa karatasi inayodaiwa kuwa ya kabla ya miaka ya 50, maana vinavyong'arisha karatasi hadi iwake buluu viliingia baadaye. Karatasi ya 1974 inaweza kuwaka na bado ikawa ya 1974.

Bango Kuukuu
Niongeze kuhusu tarehe iliyochapwa. Pambano lilipangwa 25 Septemba 1974. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini katikati ya mwezi ule, likasogezwa hadi 30 Oktoba. Akikwambia bango lilichapishwa Agosti na limeandikwa 30 Oktoba, aliyelichapa alikuwa nabii.

Saini mbili kwa maka moja ni zawadi kwako. "Muhammad" na "Foreman" zote zina m na a. Zipige picha wima bila kuinamisha simu, zikuze, uzilinganishe: mlalo wa herufi, upana wa nafasi, m inaanzia juu au chini, a inafungwa au inaachwa wazi. Watu wawili hawawezi kufanana kwenye yote. Zikifanana, kaandika mtu mmoja.

Kisha tafuta saini 10 hivi za kila mmoja za kipindi hichohicho kwenye kumbukumbu za minada, kwa mfano za kampuni ya minada ya Heritage, zipo wazi kwenye tovuti yao. Weka picha juu ya picha kwa uwazi wa asilimia 50. Zikilaliana nywele kwa nywele, ni mbaya, si nzuri. Hakuna anayesaini sawasawa mara mbili, isipokuwa mashine. Rais Kennedy alikuwa na mashine ya kusaini, na saini nyingi za Beatles ziliandikwa na wasaidizi wao, Neil Aspinall na Mal Evans.

Mnada Mtupu
Mnamsumbua bure. Apeleke PSA, JSA au Beckett, kampuni zinazokagua saini na kubandika stika yao, wakikubali anunue, wakikataa aache. Soko linanunua stika, halinunui lenzi ya mtu.

Wino Mkavu
Soko ndiyo, ukweli hapana. Kampuni hizo zimewahi kupishana juu ya kitu kilekile, na wanachouza ni maoni. Kumbuka FBI walipovamia mtandao wa waghushi huko San Diego mwishoni mwa miaka ya 90: kila kitu kilikuwa na cheti, na walikamata hadi mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Mtu alilipia hilo!

Mnada Mtupu
Baadhi ya vyeti vile vilikuwa vya wauzaji wenyewe. Ndiyo maana nasema cha mtu wa tatu. Ila mleta uzi, ukipewa stika ya kampuni, ingiza namba kwenye tovuti ya aliyeitoa na uangalie maelezo au picha. Stika halisi hubanduliwa kwenye kitu cha bei rahisi zikapachikwa kwingine. Namba itakubali, lakini itakwambia "picha" wakati wewe umeshika glovu.

Bango Kuukuu
Kwa walio Dar na Nairobi: Februari 1980 Ali alikuja huku kama mjumbe wa Rais Carter, kushawishi Olimpiki ya Moscow isusiwe, na Nyerere hakumpokea. Saini ya bolpeni kwenye daftari ya safari ile, ikiwa na picha au gazeti la siku hiyo, inafuatilika kuliko hiyo glovu.

Mpira wa Ngozi (mleta uzi)
Nimevishika. Glovu: velkro, bakodi, saini pana, miisho ina vidonge. Bango: wino umetambaa kwenye mikunjo miwili, na m za saini zote zinaanzia chini kwa kijimkunjo kilekile. Anasema lilisainiwa uwanjani usiku wa pambano.

Kona Nyekundu
Basi kwenye glovu nami narudi upande wa Wino Mkavu. Mkono mpana juu ya glovu mpya, hapana.

Lenzi ya Sonara
Bango usinunue kwa bei ya saini. Kama karatasi yenyewe ni ya 1974 lina thamani yake bila saini, kwa hiyo mwombe picha ya mgongo na ya kingo, tuone uchapaji. Akikataa kutuma, muage kwa adabu.