Mrejesho: Mkopo wa PDM (mpango wa serikali ya Uganda wa maendeleo ya parishi) uliokwama kwenye Wendi

Asanteni wakubwa. Swali lilikuwa: mwanakikundi wa ufugaji wa kambare amepitishwa na SACCO ya parishi, mbona ile milioni 1 ya shilingi haionekani kwenye Wendi, yaani pochi ya simu inayopokea pesa hizo?

Tatizo ni laini ya simu. Ilisajiliwa kwa NIN (namba ya kitambulisho cha taifa) ya mumewe, wakati ombi la mkopo lina NIN yake mwenyewe. Zisipolingana malipo hugoma. Tena majina nayo yaangaliwe herufi kwa herufi: kitambulisho kilisema Hadija, mfumo ukasema Khadija! Amesajili laini mpya kwa kitambulisho chake, chifu wa parishi akarekebisha jina na namba kwenye mfumo, Wendi ikafunguliwa upya, pesa ikaingia.

Kuna aliyedai "chai" ya kusukuma faili. Hakupewa, na faili likaenda.

Kwa aliyeuliza kama mume naye aombe: hapana, kaya moja mkopo mmoja. Riba ni asilimia 6 kwa mwaka, yaani 60,000 kwa milioni nzima. Na msimalize mkopo wote kwenye kuchimba bwawa. Chakula cha samaki ndicho kinachomeza hela nyingi, kitengeeni fungu lake kabla ya kununua vifaranga.