Nikikimbia moyo unadunda vilevile kama siku ile. Niendelee au niache?

Fundi Pindo
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, niko Tandika, umri 38. Mwezi wa kwanza nilikuwa na oda za sare za shule, nashona mpaka saa sita usiku, na deni la kitambaa juu. Ijumaa moja nimo kwenye daladala ya Kariakoo, nimesimama, watu tumebanana, mara moyo ukaanza kwenda mbio. Vidole vikafa ganzi, jasho mpaka kwenye kope. Nikajua ndiyo nakufa hivyo, na mfukoni nina funguo za banda tu. Nikashuka Chang'ombe, nikakaa kwenye ngazi za duka la watu. Baada ya kama robo saa ikapita yenyewe. Tangu hapo imenirudia mara nne.

Hospitali walinibandika waya kifuani, wakapima presha, sukari, damu, mpaka tezi ya shingo. Vyote safi. Daktari akasema moyo mzima, huo ni ugonjwa wa hofu. Akanipangia miadi na mtaalamu wa saikolojia, na kwa sasa nianze mazoezi. (Shemeji yangu anasema nimetupiwa kitu. Hilo nimeliacha kama lilivyo.)

Nikanunua raba za mtumba Karume, elfu 15, nikajiunga na kikundi cha jogingi cha mtaani. Hatujafika hata mita 300, moyo uleule, jasho lilelile. Nikatoka kwenye mstari nikajifanya nafunga kamba. Nilibaki nimeinama pale mpaka ngoma yao ikapotea kwenye kona.

Sasa dawa yenyewe inanipa dalili za ugonjwa. Nyinyi mnaosema mazoezi yanatuliza akili, yanatulizaje hapo?

Konda Mstaafu
Mkuu ulikosea kuchagua. Jogingi za huku kwetu ni harusi inayotembea. Filimbi, ngoma, fulana za sare, nyimbo za kuwatambia mtaa wa pili. Mtu mwenye hofu unaendaje huko? Anza peke yako alfajiri. Ila wao wakimaliza kuna supu, hiyo usiikose.

Ticha wa Moro
Ndugu yangu fundi, pole sana. Hilo uliloliona siku ya kwanza mimi lilinichukua mwaka mzima: mazoezi na hofu, ukiwa ndani ya mwili, vinafanana. Ndiyo maana mwanzo yanatisha, na kwa ugonjwa wetu huu ndiyo maana yanasaidia.

Mimi yalinianza nikiwa darasani, nimeshika chaki. Baada ya hapo nikaogopa kila kinachopandisha moyo. Nikaacha kubeba ndoo, nikaacha kutembea haraka, naita bodaboda kwa safari ya dakika tano. Moyo ukipanda kidogo tu, nakaa chini. Kumbe kila nikikaa, naufundisha mwili kwamba moyo kudunda ni hatari, na mwanafunzi huyo alikuwa anashika haraka kuliko wangu wote wa darasa la nne.

Aliyenitibu alinipeleka kwenye ngazi za jengo lao. "Panda na kushuka, dakika moja." Nikamwambia nitafia humu mbele za watu. Akasema basi twende wote. Tulipomaliza akaniwekesha vidole shingoni, tukahesabu: 138. Tukakaa kwenye benchi. Alinikataza kunywa maji, kushika simu, hata kuvuta pumzi kwa ufundi. Kukaa tu. Baada ya dakika tano, 94. Akaniuliza, "Nani kaushusha?" Nikakosa jibu. Tukarudia mara tatu siku hiyo, na nikanunua daftari la kuandikia namba.

Sasa Jumamosi napanda mpaka Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani huku Uluguru. Kuna sehemu njia inasimama kama ukuta, moyo nausikia masikioni. Nauacha upige.

Kwa hiyo usikimbie kwanza. Tembea haraka dakika mbili, moyo upande, kisha punguza mwendo uusikilize ukishuka. Usikae kwa woga. Na usijifanye unafunga kamba (samahani, nimecheka, mimi nilikuwa najifanya napokea simu).

Sista wa Zamu
Ticha kasema kweli. Mimi naongeza ya kazini kwetu. Ile ganzi ya vidole mara nyingi inatokana na kupumua kwa kasi kuliko mwili unavyohitaji: kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, vidole na midomo vinachomachoma. Ukiwa unatembea haraka, misuli inatengeneza hewa hiyo kwa wingi, kwa hiyo kuhema kwako kuna kazi.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wa mwaka 1999. Watu 156 wenye sonona, wa miaka 50 na zaidi, waligawanywa: mazoezi mara tatu kwa wiki, dawa ya sonona iitwayo sertraline, au vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa na nafuu inayokaribiana, ila wa dawa walianza kuiona mapema. Hiyo ni sonona, ya kwako ni hofu, na wale walikuwa na wa kuwasimamia. Kwa hiyo miadi yako nenda, na asitokee mtu humu akamwambia mwenzake aache vidonge eti kwa sababu ana raba.

Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, na kutembea haraka kunahesabika. Ila maumivu ya kifua yanayokuja ukijitahidi, au kuzimia, hayo usiyahesabie mapigo. Rudi hospitali.

Swali: kahawa unakunywa vikombe vingapi?

Fundi Pindo
Sista umenikamata. Kijiweni kila jioni, vikombe sita. Vile vidogo lakini.

Fundi Pindo
Wiki tano zimepita, nimerudi. Kila nikitoka swala ya alfajiri natembea mpaka Mtongani na kurudi. Kahawa kikombe kimoja, na wa kijiweni wananiita mgonjwa. Kwa mtaalamu nimeshaenda mara moja, naye kaanzia palepale alipoanzia ticha. Usingizi bado wa kubahatisha, ila saa tisa sishtuki kila siku kama zamani.

Imenirudia mara moja, kwenye daladala ileile, hatujafika Chang'ombe. Nikaweka vidole shingoni, abiria wa pembeni akaniangalia vibaya. Chang'ombe tumepita, sikushuka. Kariakoo nilifika nimelowa shati, lakini kitambaa nilinunua.

Tatizo langu sasa ni jingine. Namba za mapigo naziandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Juzi mama mmoja kafungua ukurasa wake kakuta 126, akadhani nimemwandikia kiuno. Gauni kachukua, fundo hajalegeza.